Naomba ushauri: Vita vya Kagera kwa kipimo cha hukumu ya 2005

Wakuu, Ibara ya 51 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa inaruhusu kujihami ukishambuliwa kwa silaha. Mwaka 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliikatalia Uganda utetezi huo dhidi ya Kongo: mashambulizi ya waasi hayakuthibitika kuwa ya serikali ya Kongo, na kuteka miji mamia ya kilomita kutoka mpakani kulipita kiasi.

Sasa Tanzania. Novemba 1978 Amin alitangaza kuitwaa Kagera, jeshi lake likiwa ndani. Shambulio halina ubishi. Kinachonisumbua ni jeshi la Tanzania kuiteka Kampala, Aprili 1979. Mnatetea vipi kuvuka mpaka pale Mutukula hadi mji mkuu? Hoja ya ukatili wa Amin naiona dhaifu kisheria: Ibara ya 2(4) ya Mkataba huo, inayokataza nchi kutumia nguvu dhidi ya nyingine, haina mlango huo.