"Mwezi wa kwanza bure" kwenye nyumba za kupanga: huu usanii utaisha lini?

Wakuu, nina hasira, mnivumilie.

Natafuta nyumba ya vyumba viwili, mtaa ulio karibu na kazini. Kila jengo jipya pale limetundika bango: "OFA! Hamia sasa, mwezi wa kwanza bure!" Mtandaoni ndiyo usiseme. Ukichagua "zenye ofa" zinakuja lukuki, na zote zimeandikwa "kodi kuanzia". Hilo "kuanzia" ndicho kichaka chao. Bei hiyo ni ya chumba kimoja cha chini kabisa, dirisha linatazamana na ukuta wa jirani, na ukipiga simu unajibiwa: "Hicho kimechukuliwa jana dada, ila kipo kingine, bei imechangamka kidogo." Kimechukuliwa jana! Tangazo lipo hewani hadi naandika hapa, na picha zilezile.

Njooni kwenye hesabu sasa. Mkataba wa miezi 12, mmoja bure, unalipa 11. Wanachofanya ni kuchukua kodi ya miezi 11, kuigawa kwa 12, na jibu ndilo linalobandikwa kwenye tangazo. Mkatabani inaandikwa kodi kamili, na hiyo ndiyo utakayotoa kila mwezi. Punguzo zima ni kama asilimia 8.3. Wengine wamezidi ujanja: mwezi wa bure hawakupi mwanzoni, wakati umekamuliwa amana na gharama za kuhama, wanausukuma hadi mwezi wa mwisho. Ukiondoka kabla, hujauonja.

Mwaka ukiisha ndipo unapoliwa vizuri. Mkataba mpya unaanzia kwenye kodi kamili. Wasipoongeza hata senti, kwako bado imepanda kama asilimia 9 juu ya wastani wa mwaka uliopita. Aliyepewa miezi 2 bure kwenye mkataba wa miezi 14 anaruka karibu asilimia 17. Wakiamua kupandisha, nyongeza inapigwa juu ya kodi kamili, si ile ya tangazo. Na wanajua huhami: mapazia umeshashonesha, mtoto ameshazoea shule.

Nilimuuliza msimamizi mmoja, kwa nini msishushe kodi tu yakaisha? Akacheka: "Sera ya kampuni." Sera! Jengo la kupangisha hukadiriwa thamani kwa kuangalia kodi linayoingiza, na benki iliyokopesha nayo inaitazama hiyohiyo. Mwenye jengo akishusha kodi mkatabani, karatasi zake zinaharibika, halafu wapangaji wa zamani nao watakuja mlangoni kudai washushiwe. Akitoa mwezi bure, kodi kwenye karatasi haijaguswa. Kwa hiyo hiyo zawadi anajipa yeye.

Masharti nayo someni kabla ya kalamu. Mkataba niliopewa una kipengele kwamba mpangaji akivunja mkataba kabla ya muda, anarudisha thamani ya mwezi wa bure. Chini yake kingine: ukichelewesha kodi, ofa inafutwa. Na ada za usimamizi, taka na maegesho hazijui habari za ofa, unazilipa kuanzia huo mwezi wa "bure". Ada ya maombi ndiyo hairudi kabisa, hata wakikukataa.

Sisemi zote ni za uongo. Jengo likiwa jipya na nusu lipo tupu, mwenye mali anahangaika kweli, unaweza kumbana. Ila mbane kwenye kodi ya mkataba yenyewe, au aandike kabisa nyongeza ya mwaka wa pili haitazidi kiasi fulani. Mimi nilipoliomba hilo la pili niliambiwa ofa inaisha Ijumaa, nisiwapotezee muda. Ijumaa imepita, bango lipo, wamebadilisha rangi tu.

Kama kuna mtu humu ameandikiwa hicho kikomo, aje aseme alimbana mwenye nyumba kwa lipi. Na madalali mliomo humu, msije na "karibu inbox".