Kuku wa marehemu mama wanaisha, naomba ushauri

Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Tangu mama atutoke bustani na kuku wake naangalia mimi, sasa kuku wanakufa mfululizo, anaanza kuzubaa, mabawa yanashuka, anaharisha kijani halafu shingo inapinda, nahisi ni kideri maana hawakuwa na chanjo. Wagonjwa nimewatenga, mizoga nafukia shimo refu, vitamini za kwenye maji hazijasaidia kitu. Yule tetea mwekundu aliyekuwa anamfuata mama hadi jikoni bado mzima, huyo sitaki kabisa kumpoteza jamani. Je, hawa wanaoonekana wazima niwachanje sasa hivi au ndo nitawamaliza? Na mbolea ya banda hili naweza kuweka kwenye mchicha au niiache kwanza ioze? Natanguliza shukrani.