Kompyuta niliyoiunga mwenyewe inawaka nusu sekunde na kuzima. Naombeni msaada, niko Mtwara

mwana_shangani

Habari za usiku wakuu. Naandika saa tano usiku, kompyuta iko mezani imelazwa chali kama samaki wa kupara, na Jumamosi natakiwa nimkabidhi bibi harusi picha zake. Kazi yangu ni kupiga na kusafisha picha. Laptopu ya zamani imezeeka, nikifungua picha ishirini inaganda.

Tangu msimu wa korosho uliopita nimekuwa nikinunua vifaa kimoja kimoja, kila nikilipwa. Prosesa ni Ryzen 5 5600G, mazabodi (bodi kuu inayounganisha vifaa vyote) ni ya B550 ile ndogo, pawa saplai (inayogawa umeme ndani) ya wati 550, SSD ya M.2 ya kuhifadhia mafaili. Hivyo vyote ni vipya, kaka yangu alininunulia Kariakoo akavipakia kwenye basi. RAM (kumbukumbu ya muda), mbili za GB 8 za DDR4, pamoja na kesi (boksi la bati la kompyuta), ni mtumba wa hapa hapa mjini.

Tatizo liko hivi. Nikibonyeza swichi, feni zinazunguka kidogo tu, taa ya mazabodi inamulika mara moja, halafu kimya. Nikibonyeza tena hakuna kinachotokea, mpaka nichomoe waya ukutani, nisubiri kama dakika moja, nirudishe. Hapo inarudia yale yale.

Nimeshachomoa na kurudisha waya zote. Kaka anasema tuirudishe pawa saplai, lakini kutoka hapa hadi Dar ni zaidi ya kilomita 500, na kazi ni ya Jumamosi.

Jambo lingine, sijui kama linahusiana: nikiwa peku nikagusa kesi, vidole vinasisimka, kama mdudu anatembea. Naombeni ushauri, hela niliyoweka hapa ni ya mwaka mzima.

kijana_wa_majengo

Pole sana mkuu. Pawa saplai hiyo imekufa. Yangu ilifanya hivyo hivyo, nikabadilisha ikapona. Usipoteze muda.

fundi_lindi_mjini

Pole kaka. Mimi ni dada wa huku Lindi, natengeneza kompyuta. Kabla hujarudisha chochote nisikilize kidogo.

Pawa saplai iliyokufa kwa kawaida haiwaki kabisa: unabonyeza, hata feni haitikisiki. Ya kwako inaanza, inazima, halafu inagoma mpaka uchomoe waya ukutani. Hiyo ni pawa saplai inayojilinda. Imeona shoti mahali fulani ikajifunga, na inabaki imejifunga mpaka umeme wote uliomo uishe. Kwa hiyo mimi naanza kuitafuta hiyo shoti kabla sijailaumu pawa saplai.

Umesema kesi ni ya mtumba na mazabodi ni ndogo. Chomoa waya, toa mazabodi, kisha hesabu vitu viwili: mashimo ya skrubu kwenye mazabodi, na vile vinguzo vya shaba vilivyochomoza kwenye bati la kesi. Mwenye kesi wa kwanza huenda alikuwa na mazabodi kubwa, akavipanga vinguzo kwa ajili yake. Kinguzo kisicho na shimo juu yake kinagusa mgongo wa mazabodi, na mgongo wa mazabodi umejaa ncha za lehemu.

Kingine, plagi ya umeme wa prosesa, ile ya pini nane juu pembeni, umeichomeka? Zipo plagi mbili zinazofanana kwa macho. Ya prosesa hugawanyika nne kwa nne, ya kadi ya picha hugawanyika sita kwa mbili. Usilazimishe.

kijana_wa_majengo

Sawa dada, ila ya kwangu ilikuwa pawa saplai kweli.

fundi_lindi_mjini

Sikatai, inawezekana. Ninachosema ni kwamba kuhesabu vinguzo ni dakika kumi, na kurudisha mzigo Dar ni wiki. Aanze na lililo jepesi.

mwana_shangani

Dada, mikono inatetemeka naandika. Mashimo manane. Vinguzo TISA.

Nimeigeuza mazabodi chini ya tochi ya simu. Upande wa chini, karibu na plagi za mbele, kuna alama ya duara, ndogo kama kifungo cha shati, na katikati yake ncha mbili za lehemu zimelala kidogo, zinang'aa tofauti na wenzake. Ndipo kinguzo cha tisa kilipokuwa kinabana. Nilikaza skrubu zote nane kwa nguvu, maana yake mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa naisukuma ikutane nacho.

Plagi ya prosesa iko sawa, ni ile ya nne kwa nne.

Sasa naogopa. Nimeiua?

mtu_wa_mikindani

Usiirudishe kwenye kesi kwanza. Iwashe nje. Chukua boksi la karatasi ambalo mazabodi ilikuja nalo, iweke juu yake. Usiiweke juu ya ule mfuko wa rangi ya fedha, ule unaweza kupitisha umeme kwa nje, na mgongoni mwa mazabodi kuna ncha za betri.

Weka vichache tu: prosesa na feni yake, RAM moja, plagi kubwa ya pini 24, ya pini nane, na kebo ya monita. SSD iache. Prosesa yako ina herufi G mwishoni, hiyo ina sehemu ya kutoa picha ndani yake, kwa hiyo kebo ya HDMI chomeka kwenye mazabodi. Ingekuwa 5600 tupu ungehitaji kadi ya picha, usingeona kitu.

Kuwasha, tafuta pini mbili zilizoandikwa PWR, ziguse kwa ncha ya bisibisi kwa sekunde moja kisha ondoa. Ni umeme mdogo, hautakudhuru.

mwana_shangani

IMEWAKA na haizimi! Feni inazunguka dakika ya tano sasa. Mungu awabariki.

Ila monita ni nyeusi. Pembeni ya mazabodi kuna vitaa vinne vidogo, na kilichobaki kimewaka ni kilichoandikwa DRAM.

mpita_njia_masasi

BIOS hiyo, ile programu ya ndani ya mazabodi inayoiamsha kompyuta. Mazabodi za B550 zilitangulia kutoka kabla ya 5600G, iliyokaa dukani muda mrefu haiijui hiyo prosesa mpaka uiapudeti.

fundi_lindi_mjini

Hoja ya ndugu wa Masasi ni ya kweli, B550 zilianza 2020 na 5600G ikaja dukani 2021. Lakini mazabodi isiyoijua prosesa kwa kawaida husimama kwenye taa ya CPU. Hii imevuka hapo, imesimama kwenye RAM. Tuishughulikie RAM, BIOS ibaki akiba.

Kaka, hesabu sloti ukianzia kwenye prosesa. RAM ikiwa moja iweke sloti ya pili. Zikiwa mbili, ya pili na ya nne. Ibonyeze mpaka usikie mlio wa klipu. Wengi wanaogopa kuibonyeza, inabaki imening'inia nusu. Kabla ya kuirudisha, itazame meno yake ya dhahabu kwenye mwanga na unieleze unaona nini.

mwana_shangani

Moja ina meno safi. Ya pili ina ukungu, na kwenye meno matatu au manne ya pembeni kuna kitu cha kijani, kama kwenye sarafu iliyokaa mchangani. Na ndiyo niliyokuwa nimeiweka.

Nimeweka ile safi sloti ya pili. Taa ya DRAM ikawaka, ikakaa kama nusu dakika, ikazima, na monita IKALETA MAANDISHI. Nimemwamsha mke wangu aje aone.

fundi_lindi_mjini

Hongera kaka! Huo ukijani ndio ninaokutana nao zaidi huku kwetu. Upepo wa bahari una chumvi na unyevu, RAM ikikaa dirishani bila mfuko, shaba iliyo chini ya dhahabu inaliwa taratibu. Wenzetu wa Dodoma hawauoni sana.

Usiitupe. Chukua raba nyeupe ya kufutia penseli, siyo ile ya bluu ya wino, ina mchanga. Sugua meno taratibu ukielekea nje, pande zote mbili. Kisha kitambaa kisicho na nyuzi chenye spiriti kali, ile ya asilimia 99 kama unaipata, ikauke. Ukimaliza zirudishe zote mbili, pakua MemTest86, programu ya kupima RAM, kwenye fleshi, ni ya bure, iache izunguke usiku kucha. Ikileta kosa hata moja, hiyo RAM usiiamini na picha za watu.

fundi_umeme_chuno

Wakuu, wote mmeipita ile ya vidole kusisimka, na mimi ndiyo iliyonikalisha hapa.

Ndani ya kila pawa saplai ya kompyuta kuna kapasita mbili ndogo za kuchuja kelele za umeme, moja kutoka waya wa moto, moja kutoka nyutro, na zote zimefungwa kwenye bati. Umeme wetu ni volti 230, kwa hiyo bati linakaa katikati, kama volti 115. Mkondo wake ni mdogo mno, haukuui, lakini unausikia ukiwa peku. Kazi ya ethi, waya unaokwenda ardhini, ni kuuteremsha. Ukiusikia, maana yake ethi yako haipo. Plagi ina miguu mitatu, ukutani tundu lipo, nyuma ya tundu hakuna waya, au waya upo na haufiki popote.

Pima kwa mita. Moto na nyutro utapata kama 230. Moto na ethi inatakiwa karibu ile ile. Ikija ndogo au inachezacheza, ethi haipo.

Sasa naomba unielewe hapa. Akija mtu akakwambia atakuunganishia ethi na nyutro nyuma ya soketi "ili isikusisimue", mkatalie. Kusisimka kutaisha kweli. Lakini siku nyutro ikikatika huko nje, bati la kompyuta yako linakuwa na volti 230 kamili, na wewe una mtoto anatambaa hapo chini au mke anapiga deki. Nimeshaikuta hiyo kwenye nyumba mbili mwaka huu, na zote zilikuwa na watoto.

Dawa ni nondo ya shaba ardhini na waya wa kijani na njano mpaka kwenye mbao ya meta. Mtaa wenu wa Shangani ni mchanga, na mchanga mkavu haupitishi umeme vizuri, kwa hiyo nondo fupi haifai, lazima ishuke mpaka kwenye unyevu. Tafuta fundi mwenye leseni, na aipime mbele yako akimaliza.

mwana_shangani

Kaka wa Chuno, umeniogopesha na nashukuru. Moto na nyutro 228. Moto na ethi 41, inapanda inashuka. Mtoto wangu ana miezi kumi, anatambaa kweli. Nimezima soketi hiyo, kompyuta haiwaki tena mpaka ethi ikae.

mwana_shangani

Wakuu, ni Ijumaa jioni, naleta mrejesho.

Fundi alikuja juzi. Nondo mbili, ya kwanza iligonga mchanga mtupu tukaongeza. Moto na ethi sasa 229. Nimesimama peku nimeigusa kesi kwa kiganja kizima, hakuna kitu.

RAM ile ya kijani nimeisugua kwa raba ya mwanafunzi wa jirani. MemTest86 imezunguka mara nne, kosa sifuri, zote mbili zinasoma, GB 16. Mazabodi imerudi kwenye kesi juu ya vinguzo vinane, na safari hii skrubu nimezikaza kwa vidole viwili tu.

Picha za harusi ni 640. Zimekamilika saa tisa mchana, na bibi harusi amekuja na mama yake kuzichukua mapema. Kinguzo cha tisa nimekibandika kwa selotepu ndani ya mfuniko wa kesi, ili fundi atakayeifungua baada yangu akione na ajue kilitoka wapi.

Dada wa Lindi, nikija huko wiki ijayo nitakuletea korosho. Niambie tu unapatikana mtaa gani, kwa ujumbe wa faragha.