Chatu wangu kajaa utitiri, dawa ya kuogeshea ng'ombe inamfaa?

Mtunza_Uyole
Wakuu habari za jioni, naomba msaada wa haraka. Nipo Uyole hapa Mbeya, natunza chatu wawili, kibali cha TAWA (mamlaka ya wanyamapori) ninacho. Huyu mkubwa ana kilo 2 hivi, wiki ya pili hii hatoki kwenye beseni lake la maji, nikadhani anataka kujivua gamba, jana namtoa nakuta vidoti vyeusi kama mbegu za mchicha vimezama chini na vingine vinapanda ukingo wa beseni. Kummulika na tochi ya simu, pembeni ya macho na chini ya kidevu wamejipanga wananyonya damu. Kula panya kagoma. Jirani mfugaji ananiambia nimpake dawa ya kuogeshea ng'ombe kidogo tu, eti siku moja wanaisha. Roho inasita. Na hela kwa kweli sina.

mama_wa_mafinga
Usithubutu kaka!! Mimi nilimpoteza mmoja hivyohivyo, nilimpaka dawa ya kupe mchana, jioni akaanza kupindisha shingo, ukimlaza chali hawezi kujigeuza, asubuhi amekufa. Mpaka leo inaniuma.

Nisikilize. Utitiri akishashiba damu anashuka kwenye nyoka anaenda kutaga kwenye nyufa za boksi, kwa hiyo ukimhangaikia nyoka peke yake utamwosha mwaka mzima na hawataisha. Vita yako ni boksi. Toa maranda yote uchome moto, gogo la kujifichia toa, kisha mwagia maji yanayochemka kwenye kona na maungio yote, sugua na sabuni, suuza vizuri halafu anika juani mpaka likauke kabisa. Ndani tandika karatasi nyeupe tu, hata kidoti kimoja utakiona.

Nyoka mwenyewe mwogeshe maji ya uvuguvugu, pima na kiwiko kama unaogesha mtoto mchanga, kina kisizidi unene wa mwili wake, nusu saa, na usiondoke hapo. Kichwani maji hayafiki, kwa hiyo pale kwenye macho na kidevu pitisha pamba yenye mafuta ya kula kidogo sana. Rudia kila baada ya siku tatu nne kwa mwezi mzima, mayai yanaendelea kuanguliwa hata kama huoni kitu.

afisa_mifugo_iringa
Mama kaeleza vizuri. Naongeza baridi, mkuu. Uyole mwezi huu wa sita ukimrudisha nyoka mbichi kwenye boksi la baridi unamtafutia nimonia, mwogeshe mchana, mkaushe na taulo, weka chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa upande mmoja.

Kuhusu ivermectin, ile dawa ya sindano ya kuua minyoo na wadudu, inatumika kwa nyoka lakini usimdunge mwenyewe maana ile ya ng'ombe ya asilimia 1 ina mg 10 kwenye kila ml, na nyoka anahitaji mg 0.2 kwa kilo. Chatu wako wa kilo 2 ni ml 0.04, haifiki hata tone moja! Sindano ya ng'ombe haiwezi kupima hiyo. Mpeleke kwa daktari wa mifugo akampime uzito. Na kama una kobe hapo nyumbani dawa hiyo isimguse kabisa, inaua kobe.

Mtunza_Uyole
Asanteni sana, nimepata pa kuanzia. Kumbe haya maranda ya paini nayotoa Mafinga ndiyo yameleta?

mama_wa_mafinga
Maranda sidhani, wale wanakuja na nyoka mwingine au boksi la kuazima. Huyo wa pili ulimpata lini?

Mtunza_Uyole
Mwezi uliopita, na niliwaweka pamoja siku ileile 😔 Kesho asubuhi namhamishia chumba kingine na yeye naanza kumwogesha.

mama_wa_mafinga
Sawa, na ukitoka kwa mmoja nawa mikono mpaka kwenye viwiko na ubadilishe shati kabla ya kumshika mwenzake, wanapanda kwenye nguo.

Mtunza_Uyole
Mrejesho wakuu, leo siku ya 24. Karatasi ya mkubwa ina siku tisa haina kidoti hata kimoja, jana usiku kala panya wake. Mdogo bado nilimkuta na wawili chini ya kidevu, naendelea naye.