Weusi umegeuka kahawia na ramani imepungua: printa ya nyumbani inanitesa

MwlJiografia, Korogwe

Habari za jioni wanajamvi. Naomba msaada wa haraka, Jumatatu kidato cha nne wana jaribio.

Nina printa ya wino wa tangi, rangi nne, niliyoinunua mwaka jana baada ya kuchoka na foleni ya steshenari. Kazi yake ni moja tu: natoa nakala mama ya mtihani nyumbani usiku, asubuhi naipeleka kwenye fotokopi ya shule, wanafunzi 43 wanapata zao. Mpaka mwezi uliopita haikuwa na neno.

Sasa weusi si weusi tena, ni rangi ya chai iliyokolea majani. Herufi zenye tundu, kama "e" na "a", zimeziba. Karatasi inatoka imelowa na kujikunja, ukiigeuza unasoma maandishi kwa nyuma. Mistari ya wima kwenye jedwali la mvua imekatika vipande, kimoja kushoto kidogo, kinachofuata kulia kidogo, mithili ya ngazi.

Lakini kinachoniuma hasa ni ramani. Ni ya 1:50,000, kwa hiyo upande wa kila mraba ni sentimita 2, yaani kilomita moja ardhini. Nimeweka rula: haifiki hata 1.9. Mwanafunzi akipima barabara kwa uzi kwenye ramani hii atapata umbali usio sahihi, na mimi nitamkata alama kwa kosa ambalo ni langu. Siwezi kuipeleka darasani hivi.

Tangu jana nimesafisha hedi, yaani kichwa kinachonyunyiza wino, mara sita. Hakuna nafuu, ila wino umeshuka tangini karibu upana wa kidole. Laptopu ni ileile ya Windows, mtihani uko kwenye PDF. Jambo moja silielewi: nikiweka ukurasa wa kitabu kwenye kioo nikabonyeza kitufe cha kopi, unatoka mweusi tii, safi kabisa.

FundiMabatini, Mwanza

Pole mwalimu. Kwanza kabisa acha kusafisha hedi. Kila ukisafisha, mashine inavuta wino na kuumwaga kwenye sponji iliyo tumboni mwake. Sponji ikijaa, printa inagoma mpaka ibadilishwe.

Jibu umeshalitoa mwenyewe. Kopi haipitii kwenye laptopu. Kama kopi ni nyeusi tii, hedi ni nzima na wino ni mzima, ugonjwa uko kwenye setingi za laptopu. Nikuulize: kuna mtu amechapa picha kwa laptopu hiyo hivi karibuni, kwenye karatasi za kung'aa?

MwlJiografia

Yupo! Mdogo wangu alikuja wiki tatu zilizopita, akachapa picha za kipaimara cha mwanawe. Zilitoka nzuri sana. Umejuaje?

FundiMabatini

Rangi ya chai ndiyo iliyoniambia. Printa nyingi za aina yako zina wino mweusi wa chembechembe, unaokaa juu ya karatasi, na wino wa rangi unaonywea ndani. Ule mweusi haushiki vizuri karatasi ya kung'aa. Kwa hiyo ukiiambia printa kuwa umeweka karatasi ya picha, inaacha tangi la weusi na kuchanganya samawati, nyekundu na njano ili ipate kitu kinachofanana na weusi. Tena inamwaga wino mwingi, maana karatasi ya picha inaubeba. Karatasi yako ya rimu ya gramu 80 haiubebi, ndiyo maana inalowa na herufi zinaziba.

Fungua setingi za Windows, nenda kwenye printa, chagua yako, ingia kwenye mapendeleo ya kuchapa. Aina ya karatasi iwe ya kawaida, ubora uwe wa kawaida. Badilisha hapohapo, si kwenye dirisha la PDF, kwa sababu la PDF kwa kawaida linashika kwa kazi ile moja tu.

Ukiwa humo tazama ukubwa wa karatasi. Nahisi umebaki kwenye Letter, karatasi ya Marekani. Letter ina urefu wa milimita 279, A4 ina 297. Printa ikiubana ukurasa wa A4 uingie kwenye Letter, unabaki asilimia 94 au pungufu, na sentimita 2 zako zinakuwa 1.88. Weka A4. Halafu kwenye dirisha la PDF chagua ukubwa halisi, asilimia 100. Wengi wanasahau hapo: ukiacha "tosheleza ukurasa", bado itapunguza kidogo kwa ajili ya pambizo.

Ile ngazi ni jambo jingine. Hedi inachapa ikienda na ikirudi, safari mbili zikipishana hata kidogo mstari wa wima unakatika. Chapa karatasi ya kulinganisha hedi, uchague mchoro ulionyooka. Ikikataa, zima uchapaji wa kwenda na kurudi (bidirectional), hedi ichape ikielekea upande mmoja tu. Itakwenda polepole lakini mstari utanyooka.

MamaSteshenari, Tanga

Fundi amemaliza, mimi naongeza la ramani tu kwa sababu walimu wananiletea kila muhula. Mwalimu, hiyo ramani uliipataje? Kama ni picha ya simu iliyotumwa WhatsApp, ilibanwa njiani, kontua, ile mistari ya mwinuko, zinatoka na ukungu hata setingi ziwe sawa. Iskani kwa dpi 300, yaani nukta 300 kwa kila inchi, na ukitumiwa, mwambie mwenzako aitume kama hati, si kama picha.

Tena kontua za kahawia ukizichapa kwa kijivu, printa inazigeuza nukta nukta. Kwa macho huoni, ila fotokopi inazimeza. Zikoleze kwanza kwenye programu ya picha ziwe nyeusi kabisa, ndipo uchape.

MwlJiografia

Jamani, nimerudi. Karatasi ilikuwa imewekwa ya picha, na ukubwa ulikuwa Letter, kama fundi alivyosema. Nimebadilisha vyote viwili. Herufi sasa ni kavu na nyeusi, tundu la "e" linaonekana. Kulinganisha hedi kumenyoosha jedwali kwa mara ya pili. Ya kwanza nilichagua mchoro usio sahihi.

Ramani nimeipima miraba kumi mfululizo, kushoto kwenda kulia kisha juu kwenda chini: sentimita 20 kamili pande zote. Mama Steshenari, ilikuwa picha ya WhatsApp kweli. Kesho nakwenda shule kuiskani upya ile ya karatasi, na nitaipima tena ikishatoka kwenye fotokopi kabla sijazalisha 43.