Eti "usiangalie picha, angalia maono"!! Hivi huyu mheshimiwa anatuona mazuzu?

Mkwezi wa Pwani:
Wakuu sina salamu ndefu, nimetoka mkutanoni saivi vumbi bado liko puani. Ni mbunge wetu, jina simtaji, wa Tanga tunajuana na mnamjua ninayemsema. Kaja kutupa mrejesho wa kazi alizotufanyia Dodoma. Tumeitwa saa nne, yeye kaingia saa nane na msururu wa magari kama harusi ya sultani, kina mama wa hamasa wameimbishwa juani mpaka sauti zimekauka.

Tukagaiwa kitabu. Karatasi ya kung'aa, nzi akitua anateleza. Kila ukurasa yeye: kashika mtoto, kashika maiki, kashika koleo, kashika koleo lilelile na suti nyingine. Nafungua katikati nakuta "Kivuko chetu, utekelezaji unaendelea", na picha ya daraja la zege lina taa. TAA wakuu! Sisi pale tuna magogo ya mnazi na moja limeshaoza, masika ikikolea watoto wa shule wanavushwa mgongoni na ukiwa na pikipiki unalala ng'ambo.

Basi mzee mmoja akanyanyuka, mpole kabisa, kanzu yake safi, akauliza mheshimiwa hili daraja liko upande gani maana mimi naishi palepale mtoni. Jamaa akacheka, akasogeza maiki, akasema "Mzee wangu, usiangalie picha, angalia maono."

Maono!! Yule mzee ana mtoto wa jicho! Hata hiyo picha mjukuu wake ndo alimsimulia!

Na watu wakapiga makofi. Baada ya hapo akaendelea kusoma, sijui kauliza maswali ya nyongeza, sijui kikao cha bajeti Aprili mpaka Juni kaunga mkono hoja mia kwa mia, mi sikusikia kitu, masikioni ni maono tu. Mzee kabaki kasimama na kitabu mkononi hajui akae au aendelee kuuliza. Angalia maono! Kwa macho yepi??

Popo wa Amboni:
Pole mkuu ila wewe si ndo kipindi cha kampeni ulikuwa na fulana yake, kofia yake na kanga yake umemvisha mkeo? Tulia upate maono.

Mkwezi wa Pwani:
Kofia ilikuwa ya jua. Na hujajibu hoja.

Popo wa Amboni:
Hoja iko wapi hapo, umelia tu.

Kahawa Chungu:
Naunga mkono hoja mia kwa mia 😂😂😂

Mzee wa Baraza:
Vijana mnakasirika pasipo na faida. Barabara na vivuko vya huko ndani ni vya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017, mbunge hamwagi zege. Ila kuna Mfuko wa Jimbo, hela za kuchochea maendeleo jimboni, sheria yake ipo toka 2009, na mwenyekiti wa kamati ni mbunge mwenyewe. Mngemuuliza hela ya mfuko imekwenda wapi angetoka jasho. Alafu Hansard, zile kumbukumbu za yanayosemwa bungeni, ziko wazi kwenye tovuti ya Bunge, someni muone kama hilo gogo lenu limewahi kutajwa hata siku moja.

Mkwezi wa Pwani:
Nimepekua mzee wangu. Waziri kajibu upembuzi yakinifu utafanyika kadiri fedha zitakavyopatikana. Ila hilo halijaniuma, kilichoniuma ni MAONO, mbele ya watu, mzee wa watu hana macho.

Bi Mkubwa:
Jamani na pilau je, lilitoka?

Kahawa Chungu:
Lilitoka likaingia kwenye magari ya msafara. Sisi tumepata maji ya kandoro, yale ya kifuko, nayo ya moto.

Bi Mkubwa:
Eeh basi huyo hafai kabisa. Mkutano mpaka saa kumi watu hawajala!

Mgosi wa Muheza:
Mnalilia pilau huku! Nyie mna gogo, sisi machungwa yanaozea chini, dalali anakuja anataja bei ya matusi, ukikataa anawasha gari, ukikubali anajaza tenga mpaka linafura alafu anahesabu moja. Wa kwetu naye alikuja na mrejesho, kasoma hotuba nzima hakuna neno chungwa.

Popo wa Amboni:
Si mkamue juisi.

Mgosi wa Muheza:
Kamua wewe kwa meno.

Mkwezi wa Pwani:
Wakuu uzi ni wa maono jamani, mbona mnahama

Dereva wa Fuso:
Mgosi una matenga mangapi? Kesho narudi Dar gari tupu, nicheki PM tuelewane.

Mgosi wa Muheza:
Nimeshakuja PM. Ila hesabu tunahesabia shambani, mbele yangu.