Jeni ya muhogo ina mwenyewe? Kapewa na nani?

Wakuu, nimetoka semina ya kilimo hapa Muheza damu inachemka. Kasimama mtaalamu wa mradi fulani (siutaji) anatuambia jeni ya muhogo (ile chembe ya urithi) inayoupa ukinzani wa magonjwa ikishapata hataza, yaani haki ya kuimiliki kisheria, hata mtafiti wetu akitaka kuitumia sharti aombe kibali na alipe. Mzee mmoja kauliza: hiyo jeni waliikuta wapi? Watu wa meza kuu wakacheka.

Mnacheka nini? Kituo cha utafiti cha Amani kipo hapo juu mlimani. Ugonjwa wa muhogo wa michirizi ya kahawia ulielezwa kwa mara ya kwanza na Storey, mtafiti wa Amani, mwaka 1936. Hapo hapo wakauchanganya muhogo na nduguye wa porini, mpira wa Ceará, kutafuta ukinzani dhidi ya batobato, ugonjwa mwingine wa muhogo. Uzao wa kazi ile, ule wa namba 58308, ukafika Nigeria, na IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki iliyoko Ibadan, wakautumia kuzalishia aina bora za mihogo ziitwazo TMS, iliyosambaa nchi nyingi za Afrika. Nani alilipa hataza? Hakuna. Ndiyo maana ilisambaa!

Msije mkaniita adui wa GMO, mazao yaliyobadilishwa jeni maabara. Maabara sina ugomvi nayo, nina ugomvi na kufuli. Mchele wa dhahabu, uliotiwa jeni maabara ili uwe na vitamini A, ulipokaguliwa mwaka 2000 ulikutwa umezungukwa na hataza zipatazo 70. Kitu kimebuniwa kwa ajili ya maskini, ikabidi zitafutwe kwanza ruhusa za kampuni kadhaa!

Na yale maharage ya njano? Mmarekani kanunua mfuko Mexico, kapanda kwao, mwaka 1999 kapewa hataza, kaanza kuwadai waliokuwa wakiyaingiza kutoka huko huko Mexico. CIAT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo cha tropiki, wakapinga. Hataza ikaja kufa kabisa 2009. Miaka kumi ya mabishano kwa maharage!

Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema jeni ya asili haina hataza, ila iliyoundwa maabara inaweza kuwa nayo. Mwaka huo huo mkulima wa soya wa Indiana akashindwa kesi, alipe zaidi ya dola 84,000. Kosa lake kununua soya ya ghalani yenye jeni ya hataza ya kampuni ya Monsanto, kuipanda na kuizalisha tena bila kibali.

Sasa serikali yangu. WTO, shirika la biashara duniani, imezipa nchi maskini zaidi muda hadi Julai 2034 kabla ya kubanwa na masharti haya ya hataza. Sisi tukatunga sheria ya haki za wagunduzi wa mimea 2012 (ndugu wa hataza, inampa mgunduzi umiliki wa aina mpya ya mmea), tukaingia UPOV, umoja wa kimataifa wa kulinda haki hizo, 2015. Tuliwahi wapi? Mkulima gani wa Tanga aliulizwa?

Kama kuna mtu wa TARI (taasisi ya utafiti wa kilimo Tanzania) kituo cha Mlingano humu, aje ajibu: mkipata jeni nzuri kwenye muhogo wa shambani kwetu, hataza itaandikwa jina la nani? Na pingili za muhogo za kupanda nitaendelea kumgawia jirani, au nitafute wakili kwanza?